Kuchonga nakshi kwenye udongo wa polima: hereni na vidani, hatua kwa hatua

Swali la kwanza la kila anayeanza ni lilelile: nichonge udongo ukiwa mbichi au nikishauoka? Chonga baada ya kuoka. Udongo mbichi ukiupitishia patasi huvutika, hujikunja pembezoni mwa mfereji na kuacha kingo zenye manyoya. Ukishaiva hukatika safi, na kila mstari hubaki pale ulipouweka.

Swali la pili huwa ni patasi gani ya kununua, na hapa wengi hupotea njia. Wanaongeza vifaa wakati kosa liko kwenye oveni. Udongo usioiva sawasawa humshinda hata mwenye patasi bora kuliko zote, na udongo ulioiva vizuri huchongeka kwa patasi ya kawaida tu, mradi iwe kali. Kwa hiyo usishangae kuona tunakawia kwenye kuoka kabla ya kugusa patasi.

Tutatengeneza kipande bapa cha hereni au kidani chenye matabaka mawili ya rangi: jeusi juu, jeupe chini. Ukichonga, patasi inapita kwenye weusi na kuufunua weupe ulio chini yake. Ukiishika njia hii, kujaza rangi na kutia njumu (kujaza mifereji kwa udongo wa rangi nyingine) ni nyongeza tu.

Machache kuhusu udongo wenyewe

Huu si udongo wa kuchimbwa. Ni chembe za plastiki ya PVC zilizochanganywa na kilainishi na rangi. Hauivi kwa kuachwa hewani. Huiva kwa joto, chembe zikishikana na kuwa kitu kimoja. Joto likipungua au muda ukiwa mfupi, chembe hazishikani vizuri. Joto likizidi mno, PVC huungua na kutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, ambayo huwasha macho na kifua.

Si kila udongo unafaa kuchongwa. Premo, Fimo Professional, Cernit na Kato Polyclay hubaki na unyumbufu vikiiva, na unyumbufu ndio tunaoutafuta. Sculpey III ni laini na rahisi kukanda, ndiyo maana wanaoanza huipenda, lakini ikiiva huwa dhaifu na sehemu nyembamba humeguka. Iache kwa kazi nyingine.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Udongo wa rangi mbili zinazotofautiana sana. Pakiti ndogo moja ya kila rangi inatosha jozi kadhaa za hereni.
- Mashine ya tambi ya kuzungusha kwa mkono. Kama huna, tumia rola au chupa ya kioo iliyonyooka, pamoja na vijiti viwili vyenye unene sawa vya kuweka pande zote mbili za udongo ili usisukumwe ukapita kiasi.
- Oveni, na kipimajoto cha oveni cha kuweka ndani. Hiki usikiruke. Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha oveni mara nyingi hazilingani na joto lililomo.
- Vigae viwili bapa, karatasi nyeupe za kawaida na foili.
- Patasi ndogo za mkono kama zile za kuchongea linoliamu: moja yenye mdomo wa V wa milimita 1 hadi 2, na nyingine yenye mdomo wa U wa milimita 2 hadi 3. Hizi mbili zinatosha kwa muda mrefu.
- Wembe mrefu au kisu chembamba, na sindano.
- Msasa wa maji namba 400, 600, 800 na 1000.
- Penseli laini, penseli nyeupe, na spiriti kidogo ya kufutia.
- Keekee ndogo ya mkono yenye biti ya milimita 1 hadi 1.5.
- Rangi ya akriliki, mswaki wa zamani, vitambaa.
- Kulabu za hereni, vipete vya kuunganishia na koleo ndogo mbili.

Chochote kilichogusa udongo mbichi kisirudi kwenye kazi ya chakula, ikiwemo ile mashine ya tambi. Kama oveni ndiyo hiyohiyo ya kupikia, okea ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri kwa foili.

Kazi yenyewe

1. Kanda udongo. Anza na mweupe, kisha osha au futa mikono na uso wa meza ndipo ushike mweusi. Ukigeuza mpangilio huo, utatumia jioni nzima kuokota madoa. Kanda mpaka udongo ukikunjwa usipasuke kwenye mkunjo. Kwenye mashine ya tambi, ingiza upande uliokunjwa kwanza, ili hewa isukumwe nje badala ya kufungiwa ndani. Viputo unavyovifungia sasa utakutana navyo tena patasi ikizama ghafla kwenye shimo katikati ya mstari.

2. Tandaza matabaka. Tabaka jeupe liwe na unene wa milimita 3 hivi. Jeusi liwe jembamba, chini kidogo ya milimita 1. Hapa watu huogopa, wakafanya tabaka la juu kuwa nene kwa kudhani linaongeza uimara, kisha wanachonga na weupe hauonekani. Laza jeusi juu ya jeupe kuanzia ukingo mmoja, ukilishusha polepole huku kidole kikisukuma hewa mbele yake. Ukiona uvimbe, uchome kwa sindano kutoka pembeni na uubonyeze. Pitisha rola mara moja, taratibu, matabaka yashikane.

3. Weka mparuzo, kama unautaka. Kuchonga husubiri oveni, lakini mparuzo wa kubonyeza huwekwa sasa. Msasa mkavu wenye chembe kubwa, mswaki mgumu, kipande cha lesi, jani lenye mishipa iliyochomoza: vyote hivi huacha alama nzuri. Nyunyiza maji kidogo sana au pakaza wanga wa mahindi juu ya udongo ili kifaa kisigande, kisha bonyeza mara moja kwa uzito sawa na ukiinue wima. Ushauri wangu ni kutoutandaza mparuzo kote. Acha nusu ya kipande, au mkanda mmoja, iwe laini kabisa kwa ajili ya patasi. Nakshi iliyochongwa juu ya uso wenye vurugu haionekani, na kazi yako yote inapotea bure.

4. Kata umbo. Weka udongo juu ya kigae kilichotandikwa karatasi nyeupe, kwa sababu ukilala moja kwa moja juu ya kigae unatoka na mabaka yanayong'aa upande wa chini. Kata, kisha ondoa mabaki yaliyo pembeni na uache umbo lilipo. Ukiliinua likiwa bichi litavutika, na duara litakuwa yai. Lainisha ukingo kwa ncha ya kidole. Kutokana na mabaki, tandaza na ukate kipande kimoja cha majaribio, urefu wa sentimita 6 na unene wa milimita 2. Kitaokwa pamoja na vingine.

5. Oka. Soma joto lililoandikwa kwenye pakiti ya udongo wako na ulifuate hilo, kwa sababu aina hazifanani: Fimo ni nyuzi 110 za Selsiasi, Premo ni 130, Kato ni 150. Washa oveni mapema na usubiri kipimajoto kitulie kwenye namba hiyo. Weka kigae katikati ya oveni, mbali na koili za juu na chini, na ukifunike kwa foili iliyoinuliwa kidogo ili isiguse udongo.

Muda ndipo penye ugomvi. Kwa Premo, kwa mfano, maelekezo ni dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Kwa kazi ya kuchongwa, mimi huongeza hadi dakika 45 au 60 hata kwa kipande cha milimita 4. Kwenye joto sahihi, udongo hauharibiki kwa kukaa zaidi. Kinachouharibu ni moto uliopanda. Basi ongeza muda na usiguse joto. Kamwe usipandishe nyuzi ili kuharakisha, na usitumie maikrowevu.

Ukisikia harufu kali au kuona moshi, zima oveni, fungua madirisha, toka chumbani na urudi hewa ikishasafika. Kipande hicho kimekwisha.

6. Jaribu. Acha vipoe ndani ya oveni iliyozimwa, au vitoe na uvikandamize chini ya kigae cha pili ili visijikunje. Kipande cha majaribio kikipoa kabisa, kipinde taratibu. Kikikubali kupinda na kurudi, udongo umeiva. Kikikatika kwa mlio mkavu, rudisha kila kitu kwenye oveni kwa dakika nyingine 30. Udongo huu unaweza kuokwa mara nyingi bila tatizo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuchonga kipande unachokitilia shaka.

7. Piga msasa kabla ya kuchonga. Wengi hufanya kinyume. Ukisawazisha uso baada ya kuchonga, msasa mkali utakula kingo za mifereji na tope litajaa ndani yake. Kwa hiyo anza sasa: namba 400, kisha 600, ndani ya bakuli la maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Maji huzuia vumbi lisiruke na msasa usizibe. Angalia usiutoboe weusi kwenye kingo. Sehemu yenye mparuzo iache.

8. Chora nakshi. Juu ya weusi tumia penseli nyeupe. Kwenye rangi nyepesi tumia penseli laini bila kukandamiza. Ukikosea, spiriti kwenye pamba inafuta. Chora mistari mikuu tu: mipaka, mzunguko wa katikati, mgawanyo wa sehemu. Mistari midogo ya kujazia itafuata jicho.

Kwa mara ya kwanza chagua nakshi iliyojengwa kwa mikato mifupi. Mistari mirefu iliyonyooka inaonekana rahisi, lakini ndiyo inayofichua kila mtikisiko wa mkono. Magamba yaliyopangwa safu kwa safu, mikato mifupi inayopishana kwa mshazari, miale inayotoka katikati: katika hizo, mkato mmoja ukienda kombo unamezwa na wenzake.

9. Chonga. Kipande kiwe juu ya kitambaa au mpira usioteleza. Mkono unaokishika ukae nyuma ya patasi au pembeni yake, kamwe usiwe mbele ya mdomo. Patasi ikiteleza huenda mbele, na haiulizi kuna nini.

Laza patasi chini, karibu na uso. Ukiisimamisha itazama na kukwama. Gusisha ncha, sukuma kidogo mpaka ishike, halafu shusha mpini na uendelee kusukuma kwa nguvu ileile. Ukitaka kumaliza mkato, shusha mpini zaidi ili ncha itoke yenyewe. Usiinyanyue kwa kuinyofoa. Takataka zinazotoka ndizo zitakazokuambia hali ya kazi. Zikitoka zimejiviringa kama maganda ya penseli inayochongwa, kila kitu kiko sawa. Zikitoka unga au makombo, simama, maana ama udongo haujaiva au patasi ni butu.

Kwenye mizunguko, geuza kipande na uache patasi ilipo. Mkono wa patasi usukume kidogo tu, mkono mwingine ukizungusha kipande kuingia kwenye mdomo wake. Kama utachukua jambo moja tu katika mwongozo huu, nakuomba liwe hili. Mikono mingi inayosemekana "haina kipaji" inahitaji tu kuacha kuipinda patasi.

Usichimbe kina chote kwa mkupuo. Pita mara ya kwanza kwa wepesi, kisha rudia ndani ya mfereji uleule mpaka weupe ujitokeze. Kina cha milimita 1 hadi 1.5 kinatosha, na kinabakiza unene wa kutosha chini. Patasi ya V hutoa mstari mkali ambao hupanuka kadiri unavyoshuka, hivyo unaweza kuanza mwembamba, ukanenepa katikati na kuisha mwembamba bila kubadili kifaa. Patasi ya U hutoa kishimo cha mviringo; piga mikato mifupi ya kuchota, kila mmoja ukigusa ulio mbele yake, na utapata magamba.

Anza katikati ya nakshi na uelekee nje. Ukifika kwenye ukingo wa kipande, geuza uelekeo na uchonge ukitoka ukingoni kuja ndani, kwa sababu mkato unaotokea nje humegua ukingo.

Udongo ukiwa wa uvuguvugu huchongeka kwa ulaini zaidi. Chumba kikiwa na baridi, weka kipande juu ya chupa ya maji ya moto kwa dakika chache kabla ya kuendelea.

10. Tia rangi au njumu, au usitie. Osha kwa mswaki na maji ya sabuni, kisha kausha. Kwa matabaka mawili, kazi inaweza kuishia hapa, na mara nyingi hapo ndipo inapopendeza zaidi. Kama kipande ni cha rangi moja, mifereji inahitaji msaada.

Rangi: sukumia akriliki ya kahawia iliyokoza au nyeusi ndani ya mifereji kwa mswaki, sehemu ndogo kwa wakati mmoja, na upanguse uso mara moja kwa kitambaa chenye unyevu kidogo sana. Kitambaa kilicholowa kitafyonza hadi rangi iliyo ndani ya mfereji. Ikikauka, rudisha kipande kwenye oveni kwa dakika 10.

Njumu: chukua udongo mbichi laini wa rangi nyingine, usukumie ndani ya mifereji kwa wembe uliolala, kwangua uliozidi, kisha oka tena kwa muda kamili. Ukipoa, piga msasa 400 hadi mistari itokee misafi. Njia hii inataka mifereji yenye kina. Iliyochongwa juujuu itafutwa na msasa.

11. Ng'arisha. Pitisha msasa 800 na 1000 kwenye maji, kwa wepesi, juu ya sehemu zilizoinuka tu. Kisha sugua kwa kitambaa cha jinzi mpaka mng'ao uje. Vanishi siipendi kwenye nakshi, maana inajaa kwenye mifereji na kuupotezea mkato ukali wake. Ukiihitaji kulinda rangi, tumia vanishi ya maji, pako moja jembamba. Rangi ya kucha na vanishi nyingi za kupuliza zina viyeyusho vinavyoshambulia PVC, na uso utabaki unanata.

12. Toboa na unganisha. Toboa kwa keekee ya mkono ukiwa umeweka kipande juu ya ubao, angalau milimita 3 kutoka ukingoni. Zungusha bila kukandamiza. Kipete kifunguliwe kwa koleo mbili, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma. Ukikipanua kwa pembeni hakirudi kwenye duara lake.

Mambo yakienda vibaya

*Makombo badala ya maganda.* Oka tena kwanza. Yakiendelea, noa patasi: ivute kinyumenyume juu ya kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia chuma. Patasi ndogo hizi huwa butu haraka kuliko unavyodhani, na ukiwa kazini hutambui, unaongeza nguvu tu mpaka iteleze.

*Tabaka jeusi linabanduka.* Kulikuwa na hewa, wanga au vumbi katikati ya matabaka. Palipobanduka, weka tone la udongo wa polima wa majimaji, kandamiza na uoke tena.

*Viputo vilijitokeza baada ya kuoka.* Kama havijapasuka, kandamiza kipande kati ya vigae viwili mara tu kinapotoka, kingali cha moto. Vikibaki, panga nakshi ipite juu yake.

*Weupe umegeuka manjano au kahawia.* Kipande kilikuwa karibu na koili au hakikufunikwa. Angalia kipimajoto katika kipindi chote cha kuoka, kwa sababu oveni nyingi hupanda juu ya namba kila zinapojiwasha.

*Rangi imetia doa sehemu laini.* Uso ulikuwa na mikwaruzo ya msasa wa 400. Msasa wa 800 utaliondoa doa. Safari ijayo fika 1000 kabla ya kutia rangi.

*Kipande kimejikunja.* Kirudishe kwenye oveni kwa dakika 10, kitoe kikiwa cha moto na ukiache kipoe chini ya kigae.

*Patasi imeteleza ikaacha mkwaruzo katikati ya uso.* Kama ni wa juujuu, msasa 400 utaumaliza, mradi usifike kwenye weupe. Kama umezama, ongeza mikato mingine sambamba nao uwe sehemu ya nakshi.

*Hereni zimeharibika zikiwa kwenye kisanduku.* Kilainishi cha udongo mbichi, na hata cha udongo ulioiva nusu, hushambulia baadhi ya plastiki, hasa zile ngumu zinazopitisha mwanga kama kioo. Hifadhi udongo na vipande vyako kwenye mifuko laini ya plastiki au vyombo vya polipropilini, ambavyo huwa na namba 5 ndani ya alama ya pembetatu upande wa chini.